Jibu: Datsun 240Z ya 1971 au nibaki na Vitz?

Habari mkuu. Nimekuelewa hivi: una Vitz ya 1.3, umepata Datsun 240Z, gari la michezo la kale la Nissan, na unauliza kama unaweza kuiuza Vitz uwe unaenda kazini na gari lililoshinda Safari Rally.

Uzito usikusumbue, yote mawili yako karibu na kilo 1,000. Tofauti iko kwenye injini: Datsun ni lita 2.4, silinda sita, nguvu farasi kama 150. Vitz yako ina 95 hivi. Kwa gari hilo Edgar Herrmann alishinda Safari mwaka 1971, na Shekhar Mehta mwaka 1973. Breki zinafanana, diski mbele na dramu nyuma, ila Vitz ina ABS (inayozuia magurudumu yasifunge ukikanyaga breki ghafla) na mifuko ya hewa. Datsun inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwenye mvua ukikanyaga mafuta katikati ya kona, mkia unakimbia.

Datsun hiyo ina kabureta mbili, vifaa vya kuchanganya hewa na mafuta, na mimi nimeishi miaka minne na gari la namna hiyo. Asubuhi ya baridi unavuta choki, kipini cha kuongeza mafuta injini ikiwa baridi, unasubiri. Kabureta zikipishana kidogo tu, injini inatetemeka na mafuta yanakwisha huku unaona. Kwenye Vitz kazi hiyo inafanywa na kompyuta.

Kwanza kagua kutu: sakafu, chini ya betri, na chesesi. Picha ulizonitumia hazionyeshi huko, kwa hiyo bei siwezi kuisemea. Choma hapo kwa bisibisi; ikizama, achana na gari hilo. Datsun ikiwa nzima, inunue kwa moyo wote, lakini Vitz usiuze.