Pembe za mdomo wa mama huchanika kila mara: tatizo ni nini?

SWALI: Mama yangu ana umri wa miaka 63 na amevaa meno bandia kwa muda mrefu. Pembe zote mbili za mdomo wake huchanika, hutoa damu anapopiga mwayo na humwasha akila kitu chenye ndimu. Amemeza vidonge vya vitamini B mara kadhaa, lakini vidonda hufunga kidogo kisha hurudi. Tufanye nini?

JIBU: Pole kwa mama. Kwa maelezo yako, ningeanza kuyachunguza meno yenyewe kabla ya vitamini. Kadiri miaka inavyopita, meno bandia husagika na ufizi husinyaa, hivyo mdomo unapofungwa ngozi ya pembeni hukunjana. Mate hutuama katika mkunjo huo, ngozi hulainika hadi kuchanika, na fangasi aina ya kandida, mara nyingi wakiwa pamoja na bakteria, hupata mahali pa kuzaliana. Fangasi hao hukaa pia kwenye meno bandia, na ndiyo sababu dawa ya kupaka peke yake haitoshi.

Ayavue meno kila usiku, ayasugue kwa brashi laini na sabuni, kisha ayaloweke kwenye maji safi. Pembe za mdomo zikaushwe taratibu na kupakwa krimu ya mikonazoli (dawa ya fangasi) ya asilimia 2 mara mbili kwa siku, kwa takriban wiki mbili, bila kuacha mara tu vidonda vinapofunga. Ikiwa anatumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda), asipake krimu hiyo kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa kuwa mikonazoli huweza kuongeza nguvu ya dawa hiyo na kusababisha kutokwa na damu. Daktari wa meno aangalie kama meno hayo yanahitaji kurekebishwa au kutengenezwa upya.

Hata hivyo, apimwe pia wingi wa damu, sukari na, kwa ridhaa yake, virusi vya UKIMWI. Upungufu wa madini ya chuma, foleti, vitamini B2 au B12 huweza kuchangia. Lakini akikutwa na upungufu wa chuma katika umri huu, nasisitiza itafutwe sehemu damu inakopotelea, hasa tumboni, badala ya kumpa vidonge tu. Kidonda kilichobaki upande mmoja, kigumu, kisichopona kwa wiki tatu, kionwe na daktari bila kuchelewa.