Re: Ekstensheni ya C inakrashi kwenye Python 2.7

Mkuu, umesema ekstensheni yako (moduli ya C ambayo Python inaipakia) inakompailika freshi na Visual Studio 2022, kompaila ya Microsoft, ila Python 2.7 ikiipakia tu inakufa. Kodi yako wala haina shida. Hiyo 2.7 ya Windows ilijengwa na Visual Studio 2008, inatumia msvcr90.dll, yaani rantaimu yake ya C (maktaba ya funksheni za msingi za C), sasa ya kwako inakuja na rantaimu nyingine na kila moja ina hipu yake (eneo inakogawa memori), ukiomba memori kwa malloc upande huu halafu free ya kuirudisha ikaitwa upande ule ndo inakrashi, hata FILE* (pointa ya faili lililofunguliwa) usivushe toka upande mmoja kwenda mwingine. Mimi ilinikesha huku Nkuhungu mpaka umeme ukakatika, nikalala kwa hasira. Kama unaweza hamia Python 3.5 kwenda juu, huko ni UCRT, rantaimu moja ya C ya pamoja, Visual Studio 2015 mpaka 2022 zinaelewana. Ukibanwa na 2.7 basi tafuta kompaila ya 2008.