Kipindupindu humkaushaje mtu?

Assalaam alaykum. Nasikia bakteria wa kipindupindu hawaingii kwenye damu. Vipi basi mtu anaishiwa maji kwa saa chache? Na sukari katika maji ya chumvi ya nini?
Msomaji, Wete, Pemba

Waalaykumu salaam. Umesikia sawa. Bakteria huyu, Vibrio cholerae, amepinda kama alama ya mkato (,) na ana mkia mmoja wa kuogelea. Akinusurika na asidi ya tumbo, hujishika kwa vinyweleo kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, akabaki hapo hapo akitoa sumu. Sumu hiyo ina sehemu mbili: moja hung'ang'ania seli, ya pili hupenya ndani na kuacha wazi milango ya kloraidi, ambayo ni sehemu ya chumvi. Chumvi humwagika utumboni, maji yakaifuata. Mgonjwa mahututi aweza kupoteza hata lita moja kwa saa.

Lakini mlango unaoingiza sukari na chumvi pamoja hauguswi na sumu, na maji hupita nao. Ndiyo maana sukari ni lazima.

Pakiti ya dawa ya chumvichumvi ndiyo bora. Ikikosekana, maji lita 1 yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko cha chai, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto. Sukari ikizidi huongeza kuharisha. Mgonjwa akitapika, subirini dakika 10, kisha mnyweshe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya. Msingoje kuche.