Muulize Fundi: Kompyuta kuukuu inayokataa kuwakia kwenye flashi

Barua nyingi za safari hii zinahusu kompyuta zilizofufuliwa: zilizotolewa stoo, zilizorithiwa, zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika. Nimechagua nne. Zote zinagusa BIOS, yaani ile programu ndogo ya ubao mama inayoamsha kompyuta kabla ya Windows. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa, maana ndani yake kuna matatizo matatu yaliyovaa nguo moja.

Shikamoo fundi. Nimeachiwa kompyuta ya mezani na baba mdogo. Ilikaa stoo muda mrefu, ina Windows 7. Nataka kuiwekea Linux watoto waitumie kuandikia. Flashi nimeitengeneza kwa programu ya Rufus na inawaka vizuri kwenye laptopu yangu mpya. Lakini kwenye hii ya zamani nikibonyeza Delete au F2 hakuna kinachotokea, inapitiliza hadi Windows. Mara moja nilifanikiwa kuingia BIOS, sijui nilifanyaje, nikaweka USB iwe ya kwanza, nikasevu. Ikawaka Windows vilevile. Je, BIOS imekufa? Niiflashi, yaani niiandike upya? – Mrithi wa Stoo

Marahaba. BIOS iliyokufa haimfikishi mtu kwenye Windows, kwa hiyo hiyo yako ni nzima. Usiiflashi kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo ndipo utapata BIOS iliyokufa kweli, na barua yako ijayo itakuwa ngumu zaidi kujibu.

Tuanze na kibodi. Windows ikishapanda, ina draiva zake za USB, yaani programu za kuongozea vifaa, na kibodi yoyote inafanya kazi. Kabla ya hapo ni BIOS peke yake inayosikiliza, na kwenye mashine za umri huo kuna seti, yaani mpangilio wa ndani, inayoitwa "USB Legacy Support" au "USB Keyboard Support". Ikizimwa, kibodi ya USB ni bubu mpaka Windows ifike. Kulijua hilo ni rahisi. Washa mashine, na kabla nembo ya Windows haijatokea bonyeza Num Lock mara kadhaa huku ukitazama kitaa chake. Kikiwaka na kuzima kufuata kidole chako, BIOS inakusikia na shida yako ni muda. Kikibaki vilevile, hata ubonyeze Delete hadi kesho hutaingia.

Kama haikusikii, hamisha kibodi nyuma ya kasha, kwenye tundu la USB lililo moja kwa moja juu ya ubao mama. Usipitishe kwenye habu, na acha matundu ya mbele. Kama kuna matundu ya bluu, yaruke pia: hayo ni USB 3.0, na kwenye bao nyingi za miaka ile yalihudumiwa na chipu ya pembeni ambayo BIOS haiishughulikii. Kibodi ya Bluetooth weka kando, azima yenye waya. Ikishindikana yote, tazama nyuma kama kuna tundu la duara la rangi ya zambarau. Hilo ni la PS/2, la kibodi za zamani, na BIOS ya rika hilo kwa kawaida haishindwi kuisikia. Ichomeke mashine ikiwa imezimwa, kwa sababu PS/2 haikutengenezwa kuchomekwa umeme ukiwa unapita. Ingia BIOS, washa hiyo seti ya USB, kisha rudi kwenye kibodi yako.

Sasa muda. Monita iliyolala huchukua sekunde kadhaa kuamka, na BIOS haiisubiri. Unapoona nembo, mlango umeshafungwa. Kwa hiyo usisubiri kuona chochote: ukishabonyeza kitufe cha kuwashia, anza kugonga Delete mara kwa mara, bila kuishikilia. Ukiishikilia, baadhi ya mashine hudhani kitufe kimekwama na kulalamika kosa la kibodi. Kitufe chenyewe hutegemea mtengenezaji. Kompyuta nyingi za mezani, hasa zilizounganishwa na mafundi, ni Delete. Dell na Acer kwa kawaida ni F2, HP ni F10, ThinkPad ni F1. Wenye Windows 8 na kuendelea wajue jambo moja: ukichagua kuzima, mara nyingi mashine haijazimika kabisa, imelala nusu. Chagua Restart ndipo ugonge.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa mashine inayokimbia mno. Zima, chomoa waya wa umeme, fungua kasha, toa kebo ya data ya diski. Washa. Kwa kuwa hakuna Windows ya kukimbilia, itasimama yenyewe na kulalamika haina pa kuwakia. Hapo ukibonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja inaanza upya huku monita ikiwa macho, nawe unagonga kwa raha. Ukishaingia na kusevu, zima na rudisha kebo.

Tatizo la tatu ndilo lililokuchosha zaidi. Uliweka USB juu, ukasevu, na bado Windows. BIOS nyingi za kampuni za Award na AMI za miaka ile zina orodha mbili. Ya kwanza inauliza aina: CD, diski, USB, mtandao. Ya pili imejificha ukurasa mwingine kwa jina kama "Hard Disk Boot Priority" au "Hard Disk Drives", na humo BIOS inapanga diski zenyewe kwa zenyewe. Siri ni kwamba flashi yako inahesabiwa kuwa diski. Ile "USB" uliyoiweka juu huenda ilimaanisha diskidraivu ya flopi ya USB, ndiyo maana kwenye baadhi ya mashine utaona USB-FDD (flopi), USB-ZIP na USB-HDD (diski) zimepangwa mfululizo. Flashi yako iko kwenye orodha ya pili, chini ya diski yenye Windows.

Chomeka flashi mashine ikiwa imezimwa, ndipo uwashe na uingie BIOS. Flashi isiyokuwepo wakati wa kuwasha haitokei kwenye orodha, na watu wengi wanahangaika kutafuta jina ambalo halipo. Fungua orodha ya pili, simama juu ya jina la flashi, ipandishe kwa kitufe cha jumlisha au Page Up. Kwenye BIOS za kampuni ya Phoenix ni F6 kupandisha na F5 kushusha. Rudi orodha ya kwanza, hakikisha diski ndiyo aina ya kwanza. Kisha F10, na ujibu Y.

Ila kwa kazi ya kuweka mfumo mara moja, mimi sibadilishi orodha hata kidogo. Natumia menyu ya kuwakia, ile inayouliza "leo nianzie wapi?" bila kugusa seti zozote. Dell na Lenovo ni F12, HP ni Esc au F9, bao za mezani ni F8, F11 au F12 kutegemea kampuni. Faida yake ni mbili. BIOS nyingine ikiona flashi imechomolewa inaifuta kwenye orodha, na ukiirudisha inawekwa mkiani, kwa hiyo utapanga upya kila mara. Na ukiifanya flashi kuwa diski ya kwanza, programu ya kuweka Linux inaweza kupendekeza kipakiaji, yaani ile sehemu ndogo inayoanzisha mfumo, kiandikwe kwenye flashi badala ya diski. Utamaliza kazi, utachomoa flashi, na kompyuta haitawaka. Kabla ya kukubali ukurasa wa diski, soma ukubwa: flashi ya GB 16 na diski ya GB 320 haziwezi kukuchanganya.

Na kama baada ya yote hayo flashi inachaguliwa lakini kinabaki kialama cha kuandikia kinachopepesa kwenye skrini nyeusi, rudi kwenye Rufus. Laptopu yako mpya inawaka kwa UEFI, yaani mrithi wa BIOS. Hii ya baba mdogo inaelekea ni BIOS ya kale. Flashi iliyotengenezwa kwa GPT, namna mpya ya kugawa diski, ni ya UEFI, na BIOS ya kale haiwezi kuianzisha. Itengeneze upya kwa MBR, ile namna ya zamani, na sehemu ya mfumo unaolengwa isomeke BIOS. Kuwaka kwake kwenye laptopu hakuthibitishi chochote kwa mashine hii.

Fundi, kompyuta yangu kila nikiichomoa ukutani inasahau tarehe na kuandika "CMOS checksum error". Nilikuwa nabonyeza F1 inaendelea. Sasa nikibonyeza F1, Windows inaanza kisha inaleta skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Ndugu yangu anasema diski imekufa, ninunue nyingine. – Mwenye Skrini ya Bluu

Mwambie ndugu yako asubiri kidogo. Kwenye ubao mama kuna betri ya duara kama sarafu, CR2032, ya volti 3. Kazi yake ni kushikilia saa na seti za BIOS, zilizo kwenye kumbukumbu iitwayo CMOS, umeme ukiwa haupo. Imeisha. Kila unapochomoa waya, seti zako zote hufutika na BIOS inarudi kwenye za kiwandani.

Mojawapo ya seti hizo ni namna ya kuongea na diski: AHCI, iliyo mpya, au IDE, iliyo ya zamani. Windows yako iliwekwa mashine ikiwa kwenye moja, na za kiwandani zimekurudisha kwenye nyingine. Windows inaanza vizuri, kisha inafika mahali inapohitaji kuisoma diski kwa draiva iliyonayo, haiioni, inaanguka. Hiyo 0x0000007B maana yake ni kwamba imeshindwa kuifikia diski ya kuwakia. Diski mbovu inaweza kuleta namba hiyo pia, lakini ikija sambamba na kosa la CMOS, mimi naanzia kwenye seti.

Weka betri mpya, upande wa jumlisha ukitazama juu. Ingia BIOS, tafuta "SATA Mode" au "SATA Configuration", badilisha kama ni IDE iwe AHCI, au kinyume chake, sevu, jaribu. Usiweke Windows upya kabla ya kujaribu hilo. Rekebisha na tarehe, la sivyo tovuti zitakukatalia zikidai vyeti vyao vya usalama si halali, na utafikiri intaneti nayo imeharibika. Ikishawaka, pita kila ukurasa wa BIOS na uupige picha kwa simu.

Kwa laptopu betri hiyo mara nyingi imefungwa plastiki na ina waya mbili zenye plagi ndogo. Nunua yenye plagi ileile.

Shikamoo. Nimenunua laptopu iliyotumika, BIOS inadai nywila. Nimetoa betri ndogo usiku kucha, bado inadai. Nifanyeje? – Niliyefungiwa Nje

Marahaba. Ingekuwa ya mezani, kutoa betri au kuhamisha jampa, kile kiplastiki kidogo kinachounganisha pini, iliyoandikwa CLR_CMOS au CLRTC kwa kawaida kungetosha. Laptopu nyingi huweka nywila kwenye chipu isiyohitaji umeme, kwa hiyo hata ungeiacha mwezi isingesahau. Imefanywa hivyo makusudi, kumkwamisha mwizi. Rudi kwa aliyekuuzia akupe nywila. Akishindwa, wasiliana na mtengenezaji ukiwa na risiti na namba ya mashine. Akianza kukukwepa, mimi ningedai pesa yangu. Kuvunja sitakufundisha, kwa sababu kutoka hapa siwezi kujua laptopu ni ya nani.

Fundi, nimefunga diski ya zamani ya IDE pamoja na CD, ile ya kebo pana. Inaandika "Operating system not found". Nimejaribu kila mpangilio wa kuwakia, wapi. – Kebo Pana

Acha mpangilio kwanza. Fungua ukurasa wa mwanzo wa BIOS, uone kama jina la diski limetokea. Kama halipo, hakuna mpangilio utakaolileta. Diski na CD kwenye kebo moja lazima jampa zao zitofautiane: kimoja Master (kiongozi), kingine Slave (mfuasi), au vyote Cable Select (kebo iamue) kama kebo ni ya nyuzi 80. Mchoro wa jampa huwa kwenye lebo ya diski yenyewe. Hakikisha pia pini hazijapinda. Ukichomeka kwa nguvu kebo ikiwa imegeuka, moja hulala kimya kimya na huioni mpaka uinamishe taa.

Kama jina lipo lakini diski ni kubwa na BIOS inaonyesha kama GB 137 tu, hapo umegonga ukomo wa bao za zamani, zisizoweza kuhesabu zaidi ya hapo. Na kama jina lipo na ukubwa ni sahihi, chomoa kila flashi na toa CD iliyomo, kisha uwashe tena. Likibaki lilelile, niandikie ukitaja mfumo uliokuwa kwenye diski hiyo na ilitoka kwenye mashine gani.