Damu iliyoshuka hadi unyayoni inarudije moyoni?

SWALI: Pole na kazi, daktari. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Mitumbwi ikirudi alfajiri nasimama mezani mpaka jioni, na jioni miguu huvimba hadi ndala zinabana. Najua moyo husukuma damu kwenda chini. Kuipandisha je? Au moyo wangu umechoka?

JIBU: Nimeshapoa, dada. Usiushuku moyo kwanza. Chumba chake cha chini kushoto kikijibana, damu hutoka kwa nguvu kupitia ateri, mishipa inayotoa damu moyoni, takriban lita 5 kwa dakika ukiwa umetulia. Nguvu hiyo ndiyo wanayopima kliniki wakakwambia 120 kwa 80. Lakini damu ikishapenya vijishipa vyembamba vya unyayoni, nguvu karibu yote imekwisha, na bado kuna zaidi ya mita moja ya kupanda.

Inayoipandisha hasa ni misuli ya shavu la mguu. Vena, mishipa inayorudisha damu moyoni, zimepita katikati yake. Ukipiga hatua, misuli inazikamua na damu inapanda. Hairudi chini kwa sababu ndani ya vena mna vali, vilango vinavyofunguka kuelekea moyoni tu. William Harvey, daktari Mwingereza, aliandika hayo mwaka 1628, na jaribio lake unaliweza hapo mezani. Ning'iniza mkono hadi mshipa utune. Ubane kwa kidole kimoja karibu na kiganja, kisha kwa kidole kingine sukuma damu kuelekea kiwiko. Mshipa unalala. Achia kidole cha juu: kama umevuka vali, unabaki umelala. Achia cha chini, unajaa papo hapo.

Pumzi nayo husaidia, maana ukivuta hewa damu ya tumboni huvutwa kifuani.

Sasa wewe unasimama tuli. Shinikizo kwenye vena za mguu hufika kama 90, kwa kipimo kilekile cha kliniki. Ukitembea hushuka hadi chini ya 30. Likikaa juu kutwa, maji ya damu huvuja na kutuama kwenye nyama. Basi inua visigino kila unapopima kopo la dagaa, zunguka meza, na ukilala weka mto chini ya miguu.

Uvimbe ukiisha asubuhi, sababu yaelekea ni huko kusimama. Ila mguu mmoja ukivimba na shavu likauma, huenda damu imeganda ndani. Hapo, au ukikosa pumzi ukilala chali, au ukiwa mjamzito na uso nao umevimba, nenda hospitali siku hiyohiyo.