Dodoso la simu peke yake halitoshi

Mdogo wangu, umeuliza kama dodoso la kujaza kwenye simu linatosha kupima iwapo makundi ya WhatsApp yanawasaidia wanakijiji wa Kigoma kuwawajibisha viongozi wao. Halitoshi. Litakuletea walimu, watumishi na vijana wenye bando. Mama anayeanika dagaa Mwamgongo, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, hutamsikia, na huyo ndiye anayejua mchango wa zahanati ulikwenda wapi.

Nenda mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Nenda siku za mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa hutegemea taa gizani. Mwezi ukiwaka sana hupumzika na watakuwa na muda wa kukaa nawe. Tafuta pia msaidizi anayejua Kiha, lugha ya wenyeji. (Mimi nilijifanya Kiswahili kinatosha. Wazee walinijibu kwa adabu, basi.)

Kisha kahudhurie mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu wa kusoma mapato na matumizi. Linganisha yanayoulizwa pale na yanayoandikwa kwenye kundi. Hapo ndipo utafiti wako ulipo, kwa maoni yangu; yule anayefoka kwenye simu huenda mkutanini hanyanyui mkono.

Usinakili jumbe za kundi kimyakimya kwa sababu tu admini kakuingiza. Omba ridhaa, ficha majina na namba: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023.

Barua ya chuo ianzie kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke wilayani hadi kwa mtendaji wa kijiji. Beba nakala nyingi.