"Undefined reference" haiponi kwa kuweka gcc upya

SWALI: Natumia Ubuntu. Nimeandika programu ya kukokotoa riba, riba.c, na juu kabisa nimeweka #include <math.h>. Nikiandika gcc -lm riba.c -o riba naambiwa: undefined reference to `pow'. Nimeshauriwa nifute gcc na kuiweka upya; nimefanya hivyo mara mbili, wapi! Cha ajabu, nikiandika pow(1.08, 5) kwa namba tupu badala ya vigeu, inakubali. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Dodoma

JIBU: Andika hivi:

gcc riba.c -o riba -lm

Ni hilo tu: -lm, inayoomba maktaba ya hesabu iitwayo libm, imehamia mwisho. Gcc yako ilikuwa nzima tangu mwanzo, na aliyekwambia uifute hakusoma ujumbe wa kosa hadi chini. Mstari wa mwisho unasema collect2: error: ld returned 1 exit status. Ld ndiyo linka, yaani programu inayounganisha kodi yako na maktaba. Ukishaiona hapo, acha kuhangaika na include, maana kompaila, inayotafsiri kodi yako, imeshamaliza kazi yake bila kinyongo.

Watu wengi hudhani math.h ndiyo maktaba yenyewe. Siyo. Heda ni tangazo tu: kuna fanksheni iitwayo pow, inapokea double mbili, inarudisha double moja. Namna inavyokokotoa imo kwenye faili jingine kabisa, libm. Jaribu mwenyewe:

gcc -c riba.c
nm riba.o

Amri ya kwanza itapita kimya na kukuachia riba.o, kodi iliyotafsiriwa ila bado haijaunganishwa. Ya pili, inayoorodhesha majina yaliyomo, itakuonyesha T main, kisha U printf na U pow. T maana yake imo humu. U ni deni ambalo linka inapaswa kulilipa. Deni la printf hulipwa na libc, maktaba kuu ya C, ambayo gcc huiongeza yenyewe. Libm haiongezwi kwa programu za C mpaka uitaje (g++ huiongeza, ndiyo maana wenzako wa C++ wanakushangaa).

Sasa mpangilio. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ilipofika kwenye -lm yako, riba.o ilikuwa bado haijasomwa, kwa hiyo hakukuwa na deni lolote. Tangu toleo la 11.10, gcc ya Ubuntu huipa linka --as-needed: maktaba isiyodaiwa kitu inaachwa. Kwenye mifumo isiyo na chaguo hilo, maktaba ya .so (inayopakiwa programu ikiendeshwa) hupita hata ikitangulia, ndiyo maana masomo ya zamani yana amri kama yako na kwa walioyaandika zilikubali. Kwa maktaba za .a (zinazonakiliwa ndani ya programu) ld haina msamaha: inayodai hutangulia, inayolipa hufuata.

Na pow(1.08, 5)? Gcc iliona namba zote mbili, ikakokotoa yenyewe, ikaandika 1.469328 na ushee ndani ya riba.o. Endesha nm tena uone: U pow haipo.

Hao mafundi wa njia za mkato wana dawa nyingine, na nyingi ni mbaya kuliko ugonjwa. Fanksheni ikiwa kwenye faili lako jingine, tuseme hesabu.c, mmoja atakwambia uandike #include "hesabu.c"; siku mafaili mawili yakiiingiza, unapata multiple definition. Mwingine atakupa --unresolved-symbols=ignore-all: programu itazaliwa, kisha ianguke ukiiendesha. Wapo pia wanaoona cannot find -lsqlite3 (maktaba ya hifadhidata ya SQLite haikupatikana) wakakimbilia kutengeneza kiungo (symlink) kwa mkono ndani ya /usr/lib, wakati kinachotakiwa ni sudo apt install libsqlite3-dev, kisha -lsqlite3 mwishoni mwa amri.

Hatari kuliko wote ni anayekutumia libm.so.6 au libc.so.6 kutoka mashine yake, uinakili kwa sudo cp juu ya ile ya mfumo. Mafaili hayo mawili ni ya glibc moja, maktaba ya C ya mfumo, na matoleo yake lazima yalingane. Yasipolingana, programu zinaanza kulia version `GLIBC_2.38' not found. Ukivuruga libc yenyewe, ls inagoma, cp inagoma, na sudo ambayo ungeitumia kurudisha faili la zamani inagoma pia. Hapo utawasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu na kurekebisha diski kutoka nje.